Mvua ya Tukuyu haifutiki kwenye kompyuta

Mteja mwingine wa filamu kaniambia juzi, "Wewe rekodi tu kaka, sauti utaisafisha wakati wa kuhariri." Jamani! Picha yenye giza mtazamaji anaivumilia. Sauti mbovu haivumilii hata dakika mbili.

Upepo niumalize haraka. Kule Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, upepo unaipiga maiki yenyewe. Mshale wa kipimo cha sauti ukishagonga sifuri desibeli, mwisho wa kinasa, kilele cha wimbi kimekatika, hakimo kwenye faili. Nisafishe kitu ambacho hakipo? Ivishe maiki manyoya yake ya kukinga upepo, tuendelee.

Mvua ndiyo inayonitesa. Watu wanadhani tatizo ni kelele. Tatizo ni kelele isiyotulia. Bibi wa Tukuyu akisimulia chini ya bati, mvua ikanyesha kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, nakata nitakavyo na mtazamaji anasahau kama inanyesha. Lakini mvua ya Rungwe inaanza kwa matone, inachachamaa, inapoa, inarudi. Sentensi aliyoianza dakika ya 4 akaimalizia vizuri dakika ya 20 haiungiki tena: bati linanguruma ghafla katikati ya neno, kama mtu kafungua mlango wa mashine ya kusaga. Programu za kuondoa kelele ninazo, na nazitumia. Ila kelele ya bati imeenea kila mahali, mpaka zinakokaa "s" na "sh" za bibi. Ukiibana sana, inaondoka nazo.

Kwa hiyo mahojiano yakiisha nawaomba wote wanyamaze nusu dakika nirekodi sauti ya chumba chenyewe, na mvua yake, bila maneno. Dereva ndiye huwa anakohoa.

Kipande hicho cha ukimya nakitandika chini ya pale nilipokata maneno, kuficha kiungo. Nikikikosa, naazima mvua ya siku nyingine, pengine ya Kiwira. Mafundi tunaliona jambo la kawaida. Lakini nikishaunga maneno yaliyoachana dakika 16, nikayafunika kwa mvua ambayo bibi hakuisikia, sijui kama huyo bado ni yeye anayeongea. Ningependa kurudi Tukuyu nimwonyeshe kabla filamu haijatoka. Mimi ndiye mtayarishaji, mhariri na mshika maiki, kwa hiyo ni nauli ya mtu mmoja tu, na hiyo ndiyo wateja huwa wa kwanza kuifuta kwenye bajeti.