Chanjo haimalizi kazi: taifodi kwa watoto wa Ulaya na Marekani

Wazazi wengi wanaoishi Uingereza au Marekani huamini kwamba mtoto aliyezaliwa huko hapati taifodi, na akichanjwa kabla ya safari, basi yamekwisha. Sivyo. Wagonjwa wengi wanaogunduliwa katika nchi hizo huambukizwa safarini, hasa familia zinazokwenda kutembelea ndugu India, Pakistani au Bangladeshi. Afrika nayo imo. Asili ya wazazi haimpi mtoto kinga yoyote.

Chanjo ya sindano iliyozoeleka huko huanza mtoto akiwa na miaka 2, na hudungwa angalau wiki 2 kabla ya kuondoka. Haimkingi kila anayechomwa, na parataifodi, ugonjwa unaofanana na taifodi, haiigusi. Maji ya kuchemsha na kunawa mikono kwa sabuni bado ni lazima.

Dalili za taifodi huweza kuanza siku 6 hadi 30 baada ya maambukizi, mtoto akiwa amesharudi darasani. Homa hupanda kidogo kidogo, kichwa na tumbo vinauma, chakula hakitaki. Kuhara si lazima. Wengine hufunga choo. Ni rahisi mno kudhani ni mafua, kwa hiyo mwambieni daktari bila kungoja aulize: alikwenda nchi gani, alirudi lini. Kama huko kuna malaria, nayo ipimwe siku hiyohiyo.

Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya antibayotiki. Jibu moja la "hakuna" halitoshi, maana kipimo hiki hukosa wagonjwa wengi. Kipimo cha damu cha Widal, tulichokizoea Afrika Mashariki, hudanganya zaidi. Hata kwa dawa sahihi homa huchukua siku kadhaa kushuka, msikatize dozi.