Boti ya mbao ya mfereji haiozi chini, inaozea juu

Watu wakisikia mimi ni fundi wa boti za mbao huku kwenye mifereji ya Uingereza wanadhani nahangaika na maji ya chini, kumbe kinachonitesa ni mvua. Mbao za chini ni za mti wa elmu, zikikaa majini muda wote hewa haizifikii, zinadumu miaka na miaka. Ila mvua ikipenya kwenye viungo vya juu inatuama, ukungu unaanza kula, ukija kugonga na nyundo unasikia mlio wa boga.

Chukua boti iitwayo Raymond, ilishushwa majini kijijini Braunston, katikati mwa Uingereza, 1958, ya mwisho ya mbao kujengwa kwa kubeba mzigo kwenye mifereji hii myembamba. Haina injini, ilivutwa na boti nyingine ya dizeli. Urefu mita 21 hivi, upana mita 2 na kidogo tu, maana loki nyingi (yale mahodhi yenye mageti, yanayopandisha na kushusha boti) zilijengwa kwa upana huo. Kila boti ilibeba kama tani 25 za mkaa wa mawe, kutoka mji wa Atherstone mpaka kiwanda cha jemu Southall, magharibi mwa London, kazi iliyoisha 1970. Na familia nzima ilikuwa inaishi nyuma kwenye kakibanda ka mita 3 hivi, jiko humo, kitanda cha kukunja humo, watoto humo, mara nyingi mama ndo anashika kana (mpini wa usukani) ya boti inayovutwa huku sufuria iko motoni.

Waliozoea majahazi ya Lamu wangeshangaa, haina mkuku (ule uti wa chini wa chombo) nje, chini ni flati na mbao zimelazwa kukingama. Kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, wangeijua lakini, nyuzi za kamba kuukuu na lami. Deheni (yale mafuta mazito ya kupaka chombo) hamna, walipaka mchanganyiko wa lami, mavi ya farasi na manyoya ya ng'ombe, umechemshwa, unapakwa wa moto. Unanuka balaa ila unashika.

Ubao wa mwaloni wa ubavuni unapikwa kwa mvuke, unene wa inchi moja saa moja, ukitoka una dakika chache tu za kuukunja na kuubana na jiriwa.

Kuna wanaolalamika eti mbao zikishabadilishwa nyingi boti si ileile. Jamani, hata wakati wa kazi zilikuwa zinabadilishwa! Na ukiikwepa kazi hiyo kwa kuiweka bandani ikauke, mbao zinasinyaa, viungo vinaachia, siku ukiirudisha majini inajaa. Mi naona bora itembee. Ninachokataa ni kutupa ubao mbovu kabla haujapimwa na kuchorwa, tundu za misumari na zote, maana hizi boti mafundi walijenga kwa macho zaidi kuliko ramani.

Shida ya sasa ni elmu yenyewe, ugonjwa ulifyeka miti mingi sana Uingereza kuanzia miaka ya 1970. Wenye boti za ubavu wa chuma wengi wameshatoa mbao za chini wakaweka chuma pia na siwalaumu, ila kwa boti ya mbao tupu sikubali, kwahiyo nikipata gogo refu silipasui mpaka nijue linaenda boti gani.