Fundi wa Mtaani Naye Anastahili Cheti

Mtu anayejenga nyumba Mbagala au Nyakato ni nadra kumwomba fundi cheti. Humuuliza, "Umejenga wapi?", kisha anakwenda kuiangalia hiyo kazi. Ana haki, maana waashi wetu wengi hawakupitia chuoni. Walianza kwa kubeba zege, wakawa saidia fundi, hadi siku moja wakakabidhiwa mwiko.

Ninawaheshimu sana mafundi hawa. Hata hivyo, tunapowapima kazini, pengo moja hujirudia: mkono unajua, ila sababu haijulikani. Chukua zege la 1:2:4, yaani ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Vipimo hivyo karibu kila fundi anavyo kichwani. Maji ndiyo humwagwa kwa kukisia, hadi zege lilainike na kusukumika kwa urahisi na koleo. Saruji inahitaji maji kiasi tu ili ishike. Yanayozidi hukauka baadaye na kuacha vitundu ndani, na nguzo hupoteza uimara ambao hata nondo nene haziwezi kuurudisha. Cha kusikitisha, zege hilohilo lililolewa maji siku ya kumwagwa huachwa kavu juani kuanzia kesho yake, wakati ndipo linapohitaji kumwagiliwa, walau kwa siku 7. Fundi akielezwa hili mara moja, halisahau.

Ni kwa ajili yake serikali ya Tanzania, kupitia VETA, yaani mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi. Hapelekwi darasani kuanza upya. Hupimwa kwa kazi anayoifanya, hufundishwa pale palipopungua, kisha hupewa cheti kinachotambulika. Cheti hicho humsogeza kwenye ajira rasmi, hasa kwenye miradi mikubwa ambako sifa ya mdomo haitoshi.

Fedha zinatoka wapi? VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na moja ya vyanzo vyake ni tozo ya kuendeleza ujuzi, wengi tunaiita SDL. Tangu Julai 2023 kiwango chake Tanzania Bara ni asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara, na hulipwa na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kampuni ya ujenzi inayolipa mishahara ya shilingi 10,000,000 kwa mwezi inadaiwa shilingi 350,000. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Akikatwa, mwajiri amekosea.

Kwa hiyo mkandarasi anayelipa tozo kila mwezi, huku mafundi wake hawajawahi kupimwa, anachangia huduma asiyoitumia. Awasiliane na chuo cha VETA kilicho karibu, aulize lini urasimishaji utafanyika kwa fani alizonazo: uashi, useremala, bomba, umeme wa majumbani, uchomeleaji. Fundi anayejitegemea naye aende mwenyewe, asisubiri kuitwa.