Kabla ya kuitamani mbegu isiyokufa kwa dawa ya majani

Palizi ikiwadia, wakulima wa mabonde ya mpunga ya Cheju na Kibokwa, Unguja, huuliza kama ipo mbegu ya mpunga inayopigwa dawa ya majani isife. Mbegu za namna hiyo zipo duniani, ila afadhali tuzielewe kwanza.

Ili kutengeneza asidi amino tatu za kuundia protini, mmea hutegemea kimeng'enya, yaani kichocheo cha ndani ya seli, ambacho binadamu hatuna. Glaifoseti, dawa ya kuua majani, hukizuia kimeng'enya hicho, na mmea hunyauka hadi mizizini. Watafiti walimpata bakteria ambaye kimeng'enya chake hakizuiliwi na dawa hiyo, wakachukua kinasaba chake na kukitia kwenye soya. Soya hiyo ilianza kulimwa kibiashara Marekani mwaka 1996. Shamba zima likipigwa dawa, magugu hukauka na soya hubaki kijani.

Raha hiyo ina gharama yake. Dawa moja ikirudiwa kila mwaka, magugu machache yanayoihimili ndiyo yanayobaki kuzaa. Mchicha pori uliozishinda dawa katika mashamba ya pamba ya Georgia hutoa mbegu laki kadhaa kwa mche mmoja.

Kwetu bondeni hali ni nzito zaidi, maana gugu lenyewe ni ndugu wa mpunga. Ung'oe mpunga mwitu uone: jani ni lilelile, lakini punje zina ndevu ndefu na hupukutika hata kwa upepo. Chini, shina jeupe limetambaa matopeni, na kila pingili yake huchipua. Ndugu hupeana chavua. Mwaka 2002 Marekani ilianza kulima mpunga unaohimili imidazolinoni, kundi jingine la dawa za majani; mpunga ambao haukutiwa kinasaba cha kiumbe kingine. Haikupita miaka mingi, mpunga gugu wa kule nao ukaurithi uwezo huo kwa njia ya chavua. Hilo ndilo ninaloliogopa kwa mabonde yetu.

Mpunga tunaoulima hauhimili glaifoseti, kwa hiyo usiipige ukiwa umeshaota. Chagua mbegu safi, na ung'oe mpunga mwitu kabla haujachanua. Usiukatekate kwa jembe, kwani kila kipande chenye pingili ni mche mpya. Fukua yale mashina meupe, uyaanike juani juu ya tuta mpaka yakatike kwa kuvunja. Yasitupwe mferejini, maana maji yatayapeleka kwa jirani.