Pumzi ya mwanamichezo ni nini hasa?

Kwenye mechi za mchangani hapa Dar, mchezaji akianza kutembea dakika ya 60, hukumu hutolewa palepale: "Huyo hana pumzi." Wengi tukisema hivyo tunawaza mapafu. Kumbe mapafu yana lawama ndogo sana.

Pumzi, kwa maana ya kimichezo, ni uwezo wa mwili kuvuta oksijeni, kuisafirisha, na kuitumia kwenye misuli. Kwa mtu mwenye afya anayekimbia huku pwani, damu hutoka kwenye mapafu ikiwa imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba, hata kama mwenyewe anahema kifua kinataka kupasuka. Kinachokwama ni usafiri. Moyo uliotulia husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Kijana wa kawaida akikimbia kwa nguvu zote hufikisha kama 20, na mkimbiaji wa kimataifa anaweza kuvuka 30. Siri ya mazoezi iko hapo: hayaongezi kiwango cha juu cha mapigo ya moyo, yanaongeza damu inayotoka kwa kila pigo. Ndani ya misuli nako mitokondria, yaani vijitanuri vinavyotumia oksijeni kuchoma chakula, huongezeka.

Jambo hili lilipimwa Manchester, Uingereza, na mwanasayansi Archibald Hill na mwenzake Hartley Lupton, wakachapisha matokeo mwaka 1923. Hill mwenyewe alikimbia akizunguka uwanja na mfuko mgongoni wa kukusanyia hewa aliyoitoa. Waliona kwamba kadiri kasi inavyopanda, oksijeni inayotumika hupanda pia, kisha inagota. Ukizidisha mwendo hapo, mwili unakopa, yaani unatengeneza nguvu bila oksijeni ya kutosha, na mkopo huo haudumu.

Ndiyo maana mkimbiaji wetu Mtanzania, Filbert Bayi, ananisisimua mpaka leo. Mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, hakungoja kuvizia mzunguko wa mwisho wa mita 1500. Aliongoza tangu mwanzo, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. John Walker, aliyemfukuzia hadi utepe, naye alipita chini ya rekodi ya zamani. Kukimbia hivyo kunataka mtu anayejua pumzi yake inaishia wapi, sekunde kwa sekunde.

Dar ina jambo lake: joto na unyevunyevu. Jua likishapanda, mwili hulazimika kupeleka sehemu ya damu kwenye ngozi ili ujipoze, na jasho halikauki upesi. Kwa kasi ileile ya jana alfajiri, moyo leo saa 4 asubuhi unapiga haraka zaidi. Mtu hajapoteza pumzi, damu yake imegawanywa. Wanaokimbia Coco Beach kabla jua halijatoka wana hoja ya kisayansi.

Kipimo tunacho tangu shuleni: mchakamchaka. Kiongozi anaanzisha wimbo, kundi linaitikia. Ukiitikia mstari mzima bila kukatika, bado una akiba. Ukianza kumeza maneno, unakaribia kikomo. Sikiliza kundi linapopanda mlima: sauti za nyuma hunyamaza kwanza, ilhali miguu yao bado inakwenda.