Mshale wa Spidi Ukilala, Usikimbilie Dukani

Mwezi uliopita mwalimu mmoja anayeishi Pangani na kufundisha hapa Tanga mjini aliniletea Corolla yake Ngamiani, mkononi ameshika sensa ya spidi, kile kifaa kinachoipa dashibodi habari ya mwendo, iliyotolewa kwenye gari, huku nyingine ikiwa imefungwa mahali pake. "Fundi, iliyofungwa ni ya pili, na mshale bado umelala," aliniambia. Alikuwa amekwisha kuandikiwa faini ya mwendokasi kwenye njia ya Muheza, kwa kuwa dereva asiyeona mwendo wake hubaki kukisia, na tochi ya trafiki haikisii.

Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo ndizo zinazojaa gereji zetu, sensa hii hukaa juu ya giaboksi na huzungushwa na gia ndogo ya plastiki. Kwa kipimo cha Kijapani, spidomita huhesabu mizunguko 637 kwa kila kilomita moja, na sensa za aina hii kwa kawaida hutoa ishara nne za umeme kwa kila mzunguko. Hizo ni ishara 2,548 kwa kilomita, yaani ishara moja kila gari linaposogea sentimita 39 hivi. Msomaji azishike tarakimu hizo, kwa maana tutazihitaji gari litakapokuwa juu ya jeki.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza ni njia inayopitwa na ishara hiyo. Katika mengi ya magari haya ishara haiendi moja kwa moja kwenye kompyuta ya injini, bali hupita kwanza kwenye dashibodi, na dashibodi ndiyo huipeleka mbele. Kwa hiyo, mshale ukiwa unapanda na kushuka vizuri huku kompyuta ikilalamika kwamba haioni mwendo, sensa haina hatia, na anayeibadilisha anatupa fedha za mteja. Kosa litafutwe kati ya dashibodi na kompyuta. Mshale ukilala na kompyuta nayo ikilalamika, kosa liko kwenye gia ya plastiki, sensa, nyaya zake au dashibodi yenyewe. Magari mapya zaidi huchukua mwendo kutoka kwenye sensa za ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu yasigande, zilizoko magurudumuni, na nimewahi kumkuta kijana akiitafuta nusu siku, chini ya gari la namna hiyo, sensa ya giaboksi ambayo haikuwahi kuwekwa.

Mashine ya kupimia itaonyesha namba ya kosa, P0500. Kwa Toyota za zamani zaidi huhitaji mashine: fungua kile kiboksi cheusi cha kupimia kilichoko chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara nne, ikatulia, halafu ikapepesa mara mbili, hiyo ni 42, na maana yake ni ileile. Namba hizo husema tu kwamba kompyuta haikupata ishara ya mwendo. Hazisemi kwa nini.

Sababu huulizwa kwa mita. Nilichomoa plagi ya sensa ya Corolla ile, ambayo ina nyaya tatu, nikawasha swichi na kupima umeme unaoingia, ncha hasi ya mita nikiiweka kwenye ethi (waya hasi) ya plagi yenyewe wala si kwenye bodi, ili ethi nayo ipimwe papo hapo. Nilipata volti 12.3, kwa hiyo umeme na ethi vilikuwa salama. Waya wa tatu, ule wa ishara, unatakiwa kuwa na volti zinazotoka upande wa dashibodi, kwa sababu kazi ya sensa hii ni kuzikata na kuziachia. Nilipata sifuri. Nyuma ya dashibodi, kwenye waya huohuo, volti zilikuwepo.

Waya huo ulipita chini ya kitako cha betri. Kwa macho ulikuwa mzima kabisa, lakini nilipouvuta kwa vidole viwili ulinyumbuka kama mpira wa manati, na waya wenye shaba nzima ndani haunyumbuki hivyo. Nilipoupasua, nilikuta shaba imekuwa unga wa kijani. Asidi ya betri ilianza kazi, na hewa yetu ya chumvi ikaimalizia. Nilikata mpaka nikafikia shaba nyekundu pande zote mbili, nikaunga kwa risasi, nikafunika kwa mpira wa kusinyaa na kuuhamisha waya mbali na betri.

Sensa ya zamani niliirudisha mahali pake ili nayo ipimwe. Niliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikavuta breki ya mkono, nikaweka gia huru na kuinua gurudumu moja la mbele. Hapa ndipo wengi hudanganyika: gurudumu moja likizungushwa huku jingine limekanyaga chini, difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, huzunguka nusu tu, kwa hiyo mzunguko mmoja wa tairi la mita 1.8 hauleti ishara nne au tano, bali mbili hadi tatu. Mita niliyoiweka kwenye waya wa ishara ilipanda na kushuka mara mbili, na mzunguko uliofuata mara tatu. Sensa aliyoambiwa aitupe ilikuwa nzima.

Lilibaki jambo moja, nalo ni hesabu ya kilomita, ambayo hutegemea ishara hiyohiyo. Mwalimu alikuwa ameendesha wiki tano, siku tano kwa wiki, karibu kilomita 100 kwenda na kurudi, bila dashibodi kuhesabu hata moja. Kwa hiyo kwenye kibandiko cha oili, kinachoonyesha kilomita za kubadilisha oili tena, nilikata namba iliyokuwepo na kuandika nyingine, pungufu kwa 2,500.