Paini si mgomba: kuzalisha misonobari kutoka koni mbichi

Maabara zetu za tishu hapa Uganda zimelelewa na mgomba. Unakata ncha ya chipukizi, unaiweka kwenye jeli yenye virutubisho, unaigawa kila baada ya wiki chache, na mkulima anapata maelfu ya miche inayofanana. Ukija na mazoea hayo kwenye paini, kama zile za misitu ya kupandwa ya Mafuga au Katugo, utamaliza jeli bure. Ncha ya paini iliyokomaa huwa kahawia na kufa. Chache zinazopona hukataa kutoa mizizi, au mche hukua ukilala upande kama tawi. Kwa hiyo hatuzalishi mti bora wenyewe. Tunazalisha mbegu zake zikiwa bado changa.

Hapo ndipo wiki ya kuchuma koni, yale matunda magumu ya paini yenye mbegu, inapoamua kila kitu. Chavua ya paini hutangulia utungisho kwa takriban mwaka mzima, kwa hiyo mti mmoja hubeba koni za umri tofauti. Chuma ya mwaka wa pili, kijani, iliyofunga. Ndani ya mbegu yake kiinitete kimoja (mmea mchanga kabisa) huwa kimejigawa kuwa kadhaa vinavyoshindana, hali ya muda mfupi tu, kwani kimoja hushinda na vingine hufa. Ukichelewa, tishu ya viinitete tunayoitafuta haitoki tena. Vitabu husema Desemba hadi Januari kwa paini aina ya radiata ya New Zealand, tarehe zisizotusaidia kitu hapa ikweta. Pasua koni mbili tatu kila wiki na uangalie kwa hadubini: ukiona nyuzi nyembamba zenye vichwa vidogo vyeupe, anza kuchuma. Kwa Pinus caribaea chuma kwa wingi, maana karibu na ikweta mbegu zake nyingi huwa tupu.

Osha koni kwa sabuni, ifute kwa spiriti ya asilimia 70, kisha toa mbegu. Ziloweke kwenye hidrojeni peroksaidi ya asilimia 10 kwa dakika 10, suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwenye autoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu). Menya ganda, toa megagametofiti, ile nyama nyeupe ya akiba, na uiweke nzima juu ya jeli. Usijaribu kuchomoa kiinitete.

Kuhusu jeli, acha ile MS, mchanganyiko wa virutubisho wa mgomba. Ina amonia nitrati miligramu 1,650 kwa lita, kiasi kikubwa mno kwa tishu za misonobari. DCR, mchanganyiko mwingine, ina 400 tu. Kwa kila lita ongeza sukari gramu 30, glutamini gramu 0.5, na homoni mbili, 2,4-D miligramu 2 na BA miligramu 0.5, pH 5.8. Glutamini isiingie kwenye autoklevu, maana joto la nyuzi 121 huivunja. Ipitishe kwenye chujio la mikroni 0.2 na uichanganye jeli ikishapoa kiasi. Weka sahani gizani, nyuzi 23 hadi 25.

Kati ya wiki ya 2 na ya 8, tishu huchungulia upande wa mbegu wenye tundu. Wengi hukosea hapa kwa kufurahia chochote kinachokua. Tishu tunayoitaka ni nyeupe, inapitisha mwanga, inateleza, na kingo zake zina miiba midogo laini. Bonge gumu la njano au kijani litupe, hata likikua haraka. Ukiwa na shaka, tone la asetokamini litavitia vichwa vya viinitete rangi nyekundu. Tegemea mbegu chache tu katika kila 100 kuitika.

Gawanya kila siku 14, lakini usiizungushe tishu mwaka mzima, kwani hupoteza uwezo wa kutoa viinitete. Igandishe mapema kwenye nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Miche ya ukoo huo, yaani tishu iliyotoka mbegu moja, ijaribiwe shambani miaka kadhaa. Ukoo ukishinda, nakala yake changa bado unayo. Kwangu bila friza hiyo ya nitrojeni kazi yote haina maana.

Kukomaza: ondoa 2,4-D na BA, weka ABA, homoni ya kukomaza, miligramu 16 hadi 21 kwa lita. Ongeza jelani, unga unaogandisha jeli, hadi gramu 8 au 10 kwa lita. Jeli ikiwa laini, tishu hunywa maji, hunenepa na haitoi kiinitete hata kimoja. Tandaza tishu nyembamba juu ya karatasi ya chujio, subiri wiki 8 hadi 12. Kuotesha hakuhitaji homoni.

Kitalu nacho kina mtego wake. Kusini mwa Sahara hakuna paini wa asili, na kuvu wanaoshirikiana na mizizi yake waliletwa. Mche wa maabara unatoka bila kuvu hata kidogo. Usipouchanganyia udongo kutoka chini ya paini wakubwa, sehemu 1 kwa 10, sindano hugeuka zambarau au njano kwa kukosa fosforasi.

Miche hii ni ghali mno kuipanda yote shambani. Ifanye mama: ipogoe iwe mifupi, kata vipandikizi vya sentimita 8 hadi 10, na baada ya miaka 3 au 4 rudi kwenye friza uanze mama wapya, kabla hao wa kwanza hawajazeeka.